Jogoo Ni Mugeni

Siku Edouard alipomleta yule jogoo mweupe kwenye avenue yetu, lupango yangu, uwanja wa nyumba, ilikuwa imekwisha kujaa watu, maana ilikuwa Jumamosi na munkoyo, kinywaji changu cha mahindi, ilikuwa imeiva. Mimi sina mlango wa kufunga. Anayetaka kunywa anaingia, anayetaka habari anaingia, na wengi wanaingia kwa vyote viwili. Kwa hiyo mtu wa Katuba, mtaa wetu huu, asikusimulie habari hii kwa namna nyingine. Ilianzia kwangu, kati ya chungu cha munkoyo na ua wa jirani yangu, Mama Chileshe.

Edouard alikuwa moniteri wa kilimo, mfundishaji wa serikali, kijana Muluba wa Mitwaba, soksi zimevutwa mpaka magotini, kofia hata kivulini. Alisimamisha kinga, yaani baiskeli yake, akafungua kikapu cha nyuma, akatoa jogoo mweupe pe, kilemba chekundu kimesimama kama msumeno.

"Mayo! Huyu ni mupe kabisa!" alisema Rigobert. "Muangalie kanzu yake."

Jina likashika palepale. Sisi mupe tunamjua ni padri. Baadaye, tulipoona anavyowakimbiza kuku wa watu avenue nzima, Rigobert alisema askofu wake lazima aandikiwe.

Rigobert mwenyewe alikuwa mpishi kwenye pansiyo moja mjini, nyumba ya kulala na kula ya Madame mmoja mjane, Mubeleji. Kila asubuhi alipita kwa Mama Chileshe kuchukua mayai, akayafunga kwenye kinga na kwenda nayo. Ninyi hamkuyaona mayai yale. Rangi yake ilikuwa ya tofali lililokaa sana motoni, na madoa madogo juu kama mtu amenyunyiza ugoro. Rigobert alikuwa akichukua mawili mkononi, anayagonganisha polepole karibu na sikio. Yai lenye ufa hulia kama kikombe kibovu, alisema. Ya Mama Chileshe yalilia kama mawe mawili ya mtoni. Aliruka nayo reli, akapita mashimo yote, akafika mjini hata moja halijavuja. Na Madame aliyapenda kuliko nyama. Wageni wake waliletewa yai la moto, limesimamishwa kwenye kikombe chake kidogo, wakalivunja kichwa kwa kijiko. Yai likipasuka ndani ya sufuria, likatoa uzi mweupe majini, Madame halipeleki mezani.

Sasa sikia kwa nini mayai yalikuwa kitu kikubwa hivyo. Bwana wa Mama Chileshe, Musonda, alikuwa amekufa kwa kifua baada ya miaka yake ya kazi kwenye shaba. Siku zile mwanamke asiye na bwana hakukaa Elisabethville kwa kupenda tu. Wakubwa wa serikali na karani wao walipopita kuuliza nani anaishi na nani, ilibidi mtu mwenye uzito aseme: huyu namjua, ana kazi yake kwangu. Madame alikuwa akisema. "Huyo ni mama yangu wa mayai," basi, karani anafunga mdomo. Bila neno lile Mama Chileshe angepandishwa kamiyo, lori la mizigo, arudishwe Kasenga, ambako mama yake alikuwa amekwisha kufa, na waliobaki walikuwa ni watu wa bwana tu.

Na mwaka ule Madame alikuwa ameongeza vyumba. Alikuwa amemwambia Rigobert kwamba mayai hayatoshi, na kama mama hawezi kuongeza, atachukua kwa Mzungu mmoja mwenye shamba la kuku. Ndiyo maana Edouard aliposema, "Binti za huyu jogoo banataga karibu kila siku," Mama Chileshe aliweka kikombe chake chini.

"Kila siku?"

"Karibu kila siku, mama. Na ni bure. Lakini kuko sheria moja. Ile jogoo yako ya zamani itoke. Ikatwe, ikulwe, ao mi nimuhasi. Bawili habawezi kuikala pamoja, damu itachanganyika."

"Na mayai yangu? Madame anapenda ile rangi."

Edouard alivua kofia, akafikiri. Mimi ninampa haki yake: hakudanganya. "Rangi sijui vizuri," alisema. "Masomo yetu ilikuwa juu ya wingi. Lakini baba naye anatiaka kitu kwa mayai ya binti zake, mama. Jogoo hatagi, lakini yai iko ndani yake."

Lupango nzima ikalipuka. Yai ndani ya jogoo! Munkoyo ilimtoka Rigobert puani.

"Wee Muluba," alisema Mama Chileshe akijifuta machozi, "kwenu mutoto ni wa baba, tunajua. Kwetu sisi mutoto ni wa mama. Mukowa ni wa mama, jina la ukoo ni la mama, hata mufalme anatoka kwa dada ya mufalme. Baba ni mugeni. Anafika, anakula, analala, anaenda zake. Mugeni anaweza kubadirisha ukuta ya nyumba?"

"Mama, kuku haina mukowa."

"Iko nayo! Hii kuku zangu zilitoka kwa mama yangu, yeye alizitoa kwa mama yake. Jogoo tulibadirisha mara ngapi? Mayai ilibaki ileile."

Hilo lilikuwa kweli. Hakuna aliyekumbuka kwamba majogoo wale wote walitoka vijiji vilevile, kwa kuku walewale wa mayai ya tofali. Nani angekumbuka? Tulikuwa tunacheka. Jioni ile jogoo mwekundu wa zamani aliingia sufuriani, tukamla na bukari, ugali wetu, na supu yake niliinywa mimi mwenyewe. Jirani zetu nao walitaka damu ya Mupe, kwa hiyo wiki iliyofuata Edouard alipita avenue yote. Anayependa kula jogoo wake akamla, anayempenda mno akamtoa ahasiwe kwa kisu kidogo cha Edouard.

Mupe akaanza kazi. Na kuku wa Mama Chileshe waliendelea kutaga mayai ya rangi ya tofali, magumu vilevile, madoa vilevile. Hapo ndipo mama alipotushinda sote. Edouard alipopita kukagua, Mama Chileshe alimsimamisha mbele ya watu, akamwekea yai mkononi.

"Mugeni amelala huku mwezi muzima. Iko wapi alama yake?"

"Hii ni yai ya mama, mama yangu. Ganda inafanywa na ile kuku ilizaliwa zamani. Ungojee mabinti."

"Tungojee! Kila siku tungojee!" alisema Rigobert. "Weye ni moniteri ao ni nabii?"

Kijana wa watu akapanda kinga yake huku soksi moja imeshuka. Tukamfuata kwa kicheko mpaka kwenye kona.

Vifaranga wakatotolewa, wakakua, wengi wao weupe wenye manyoya mawili matatu mekundu. Wakawa matembe, kuku wasichana wanaotembea kwa kiburi wakitafuta pa kutagia. Na wakati huohuo ukafika mwisho wa kilio cha Musonda.

Kwetu jina la marehemu halilali chini. Mtoto wa dada yake ndiye anayepyana, anachukua jina na upinde, na akitaka anachukua na mjane. Mpwa huyo alikuwa Kasonde, mwenye duka dogo Kasenga. Alikuja na watu wake, kamiyo nzima, na sisi wa avenue tukaongezeka juu yao. Mama Chileshe hakuwa na mbuzi. Alikuwa na kuku wake wa zamani, na matembe walikuwa tayari mlangoni mwa kutaga. Akawachinja wa zamani wote. Alibaki mmoja tu, kikongwe tuliyemwita Nkambo, yaani nyanya, kwa sababu siku ile alijificha chini ya kitanda na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumtafuta.

Ilikuwa karamu! Watu walikula mpaka wakalala wakiwa wamekaa. Kisha Kasonde akasimama, akasema kwa heshima yote kwamba jina la mjomba amelibeba, na mke wa mjomba hatamwacha peke yake. Ana mke mmoja Kasenga, nyumba ina nafasi. Kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na meno mabovu na sauti ya chini.

Mama Chileshe alipiga magoti, akampigia makofi ya heshima. "Mupwa yangu, asante. Jina ubebe. Lakini mimi kwa sasa niko na bwana, na bwana yangu ni mayai. Nitaikala hapa Katuba, karibu na kaburi ya mujomba wako na karibu na bale bapumbafu bote." Akatuonyesha kwa mkono, sisi tukapiga vigelegele kwa kuitwa wapumbavu.

Kasonde akaoshwa mikono, mjane akapakwa unga mweupe usoni, akawa huru. Kamiyo ya Kasenga ikaondoka.

Tembe wa kwanza alitaga siku chache baadaye.

Mama Chileshe alikuja na yai hilo kwangu kwenye kiganja. Lilikuwa na rangi ya jino la mzee, nusu nyeupe, nusu ya maziwa yaliyoungua. Halikuwa na hata doa moja.

"Ya kwanza hiyo," nilimwambia. "Binti akianza, hata mwezi wake haujui njia."

"Ni kweli. Ya kwanza."

Akaja na la pili, na ya matembe wenzake. Wengine walitaga ya rangi ya chai yenye maziwa mengi, wengine karibu meupe kabisa. La tofali halikuonekana hata moja. Na yalikuwa mengi, Edouard hakudanganya hapo pia! Kila ukitia mkono kwenye kiota kuna yai, la moto, jepesi, ganda lake kama karatasi ya kufungia sukari. Rigobert alichukua mawili, akayapeleka sikioni, akayagonganisha kama alivyozoea. Moja likaingia ndani ya jingine, ute ukamshukia mpaka kwenye kiwiko.

Alisafiri nayo hivyohivyo, amefunga majani ya mahindi kila upande. Kwenye reli alishuka akasukuma kinga polepole kama anabeba mgonjwa. Yaliyofika mazima yalipasuka ndani ya sufuria. Madame aliingia jikoni, akaangalia nyuzi nyeupe zikielea, akauliza, "Mama yangu wa mayai anaumwa?"

"Ndiyo, Madame," alijibu Rigobert, "anaumwa kidogo."

"Basi apone upesi."

Kuanzia hapo lupango yangu iligeuka hospitali. Kila mtu alikuwa na dawa. Mmoja alisema wapewe maganda yaliyosagwa, wakapewa. Mwingine alisema vumbi la tofali, kwa sababu rangi itatoka wapi kama hawaili? Wakala tofali. Wakala chokaa, wakala mchanga wa kichuguu. Ganda liligoma. Mupe alikuwa akitembea katikati yetu, anawika juu ya kila kitu.

Mama Chileshe alimtuma mtu amwite Edouard. Kijana alikuja bila haraka, akakaa, safari hii akavua kofia mara moja. Hakuna aliyemtania.

"Moniteri," alisema Mama Chileshe, "utoe mugeni wako."

"Kumutoa ni rahisi, mama. Lakini kile alitia kwa mabinti hakitoki naye. Nusu ya damu yao ni yake."

"Na Nkambo? Nkambo iko mwenyewe, wa mama yangu."

"Nkambo akitaga leo, yai itakuwa ya zamani. Lakini kifaranga atakayetoka ndani atakuwa na baba gani? Unahitaji jogoo wa damu ya zamani. Hata ukimupata, ni kuzalisha, kuchagua, kuzalisha tena. Inaomba miaka, mama. Na mimi sijui jogoo mwingine kama ule hapa. Tulipita kila nyumba."

Hapo ndipo mimi nilipokumbuka Constantin. Huyu ni katekista, na alipokwenda kukaa upande wa Luano Mama Chileshe alimpa jogoo mdogo mwekundu, ndugu wa yule tuliyemla. Luano Edouard alikuwa hajapita na kazi yake ya jogoo mweupe! Mama Chileshe aliinuka kabla sijamaliza. Tulikwenda pamoja, mimi siachwi nyuma na jambo kama hilo, kwa miguu, jua limetuketi utosini, ndege moja ya abiria ikishuka uwanjani juu ya vichwa vyetu na Mama Chileshe hata hakuinua uso.

Na jogoo alikuwapo! Tulimwona toka mbali, mkubwa, mwekundu wa shaba, anang'aa kama sufuria mpya. Mama Chileshe alipiga magoti mchangani, akamwita kwa ulimi kama alivyokuwa akimwita yule ndugu yake. Jogoo akaja polepole, mnene, akala kutoka mkononi mwake. Kuku majike walipita karibu yake. Hakuwaangalia.

"Ba Constantin," nilisema, "huyu jogoo haimbi?"

Constantin alicheka, mtu mpole, akiwa na fahari ya mfugo wake. "Aah, alikuwa anasumbua wakati ya sala. Na kijana mumoja moniteri, ile ya soksi mpaka magoti, alipita kumusalimia ndugu yake hapa, nikamuomba amuhasi. Sasa anatulia, ananona, Noeli tutamukula. Munamutaka? Mukamate! Ni yenu!"

Mama Chileshe alikuwa bado amemshika. Alimpapasa kifua, akampapasa chini ya mbawa, mahali kisu kilipopita, penye kovu. Damu yote ya kuku wa mama yake na wa nyanya yake ilikuwa mle mikononi mwake, ina joto, inapumua. Akamweka chini.

"Asante, ba Constantin. Mumukule muzuri."

Tukarudi mpaka tukaona paa za Katuba. Hapo akasema, "Yule Muluba alisema yai iko ndani ya jogoo." Basi.

Jambo la chai sikulitunga mimi. Lilitoka kwa Rigobert, ambaye naye alikuwa anaogopa kwa ajili ya jiko lake. Chai nyeusi iliyochemka sana, gome kidogo la mti wanalotilia nguo rangi, mayai yalale humo, yakauke, yanyunyiziwe ugoro wa kweli kwa madoa. Yalitoka mazuri! Mtu asiyegusa angeapa ni yenyewe. Mama Chileshe aliyafunga mwenyewe.

Rigobert alitusimulia yaliyotokea, amesimama, hataki kiti. Madame aliona mayai kwenye sahani, akafurahi mpaka akapiga makofi. "Mama amepona!" Siku ile alikuwa na wageni wakubwa, akataka kuyachemsha kwa mkono wake. Maji yakaanza kubadilika. Yakawa ya chai. Mayai yakawa meupe ndani ya maji meusi, yakapasuka moja baada ya jingine.

"Alisemaje?" tuliuliza.

"Hakupiga makelele. Ni heri angepiga. Alizima moto, akasema: sasa sina mama wa mayai."

Edouard, namshukuru, alikwenda mwenyewe mpaka pansiyo na kofia mkononi, kueleza kwamba si ujanja wa mama, ni urithi, ni jogoo, ni nusu ya damu. Madame alimsikiliza barazani. Alimwuliza kama damu hiyo inaeleza na chai. Edouard akarudi kwetu, kofia mkononi vilevile.

Wakubwa walipita tena kuuliza. Karani alituma kwa Madame kama kawaida. Jibu lilikuwa kwamba hamjui mwanamke huyo. Sisi wa avenue tulisema tunamjua! Tulisema wote kwa pamoja, lupango nzima, Rigobert juu ya kiti, mimi na mwiko mkononi. Karani akataka majina ya wenye kazi ya Wazungu miongoni mwetu wanaoweza kumchukua Mama Chileshe nyumbani kwao kama mke. Kila mtu akaangalia mke wake.

Barua ya kumrudisha ikatumwa Kasenga, na Kasonde akaja kwa kamiyo ileile. Hakujisifu, hata hakumkumbusha kwamba alimkataa. Alibeba godoro mwenyewe. Mama Chileshe alipanda juu ya magunia na Nkambo chini ya kwapa, kuku kikongwe anayeangalia watu kwa jicho moja.

"Jirani yangu," nilimwita kutoka chini, maana nilitaka kusema kitu cha kuchekesha, "unarudi kwenu!"

"Kwetu ni wapi? Mama alikufa. Ninaenda kwa muke ya Kasonde." Alimvuta Nkambo karibu. "Nitafika, nitakula, nitalala. Safari hii mugeni ni mimi."

Kamiyo ikashika barabara ya Luano, ikatuachia sisi vumbi.

Matembe wake alituachia sisi pia, na Mupe juu yake, kwa sababu Kasonde hakuwa na nafasi ya kuku. Kesho yake asubuhi Rigobert alipita na kinga yake, kwa mazoea tu, mtu ambaye hana tena mayai ya kubeba. Nilitia mkono kwenye viota. Kila kimoja kilikuwa na yai, vingine mawili, meupe, ya moto, tele kuliko siku zote. Yalijaza beseni. Hayawezi kwenda mjini, hayawezi kuvuka hata reli.

Tukayakaanga yote, tukaita majirani.